TAFAKARI YA JUMA: Chupa Iliyojua Njia ya Kurudi



Wengi wenu mlikuwapo katika sikukuu ya somo wa parokia yetu, kwa hiyo hatuna haja ya kueleza jinsi ilivyofana. Kwaya ziliimba, wageni walikula wakashiba, na watoto walipata soda na maji bila kuhesabiana. Leo tunaomba kuwasimulieni habari ya siku iliyofuata, Jumatatu, ambayo wengi hamkuiona. Ndiyo iliyotusumbua moyoni tangu wakati huo.

Jumatatu hiyo, baada ya Misa ya alfajiri, tulitoka nje tukakuta uwanja wote umejaa chupa tupu za plastiki. Zilikuwa chini ya viti, kando ya pango la Bikira Maria, ndani ya mtaro wa maji ya mvua, na nyingine zimesukumwa na upepo hadi makaburini. Vijana wa usafi walizikusanya katika viroba, na viroba vilipopita 30 tuliacha kuhesabu. Gari la taka halikutarajiwa kabla ya Alhamisi. Basi tukatoa ruhusa ambayo tumekuwa tukiitoa miaka yote: zichomwe katika shimo lililo nyuma ya ukumbi. Moshi mweusi ukapanda, ukageuzwa na upepo, ukaingia katika darasa la chekechea, na sista akalazimika kufunga madirisha huku watoto wakikohoa.

Moshi ulipokuwa ukipanda, alisimama langoni mama mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa sura. Ni yule anayekaa benchi la mwisho katika Misa ya alfajiri, na ambaye mchana hupita mitaani na kiroba mgongoni akiokota makopo. Alitusalimu kwa heshima, “Tumsifu Yesu Kristo, Baba,” nasi tukaitikia. Kisha akautazama moshi kitambo kidogo, akasema, “Baba, hizo mngeniachia mimi.” Hakuongeza neno.

Hatukuwa na jibu, na sababu ya kulikosa ni lazima tuiseme hapa wazi. Mwaka uliotangulia, siku ya sherehe kama hiyo, sufuria mbili kubwa za jikoni zilipotea. Pasipo kuuliza sana, tulimwagiza mlinzi asiwaruhusu waokota makopo kupita lango. Sufuria zilipatikana baada ya majuma mawili katika stoo yetu wenyewe, nyuma ya majukwaa ya kwaya. Agizo, hata hivyo, hatukulifuta, wala hatukumwomba mtu msamaha. Kwa hiyo mama yule, mwamini wa parokia hii, aliruhusiwa kuingia kusali. Kiroba chake ndicho kilichokatazwa. Sisi tulimzuia asiokote chupa zetu, halafu chupa hizohizo tukazigeuza moshi, tukawavutisha watoto wa chekechea, ambao mmoja wao ni mjukuu wake.

Ndugu zangu, tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza tulifikaje hapo. Jibu lililotujia lilitoka katika jambo dogo sana, yaani kreti ya soda.

Walio na umri wa kutosha watazikumbuka sherehe za miaka ya 1980 na 1990. Soda ililetwa katika kreti, chupa 24 za kioo katika kila moja. Mwenye duka alitukabidhi kwa hesabu na kuandika katika daftari lake, nasi tuliweka rehani. Sherehe ilipokwisha, wazee wawili wa kamati hawakwenda nyumbani mpaka kila chupa imerudi katika tundu lake. Iliyovunjika ililipwa. Mtoto aliyeonekana akichezea chupa tupu alikemewa kama aliyechezea fedha, na kwa kweli ilikuwa fedha. Majumbani ilikuwa vivyo hivyo. Mtoto aliyetumwa soda alikwenda na chupa tupu mkononi, na asiye na chupa aliinywa palepale dukani, akairudisha kabla ya kuondoka. Chupa ile ilirudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa, ikatoka tena, mara nyingi, mpaka ubavu wake ukawa mweupe kwa mikwaruzo ya safari.

Je, tulikuwa watu wema kuliko tulivyo leo? Hatudhani. Mitaro yetu haikujaa chupa za soda kwa sababu kila chupa ilikuwa na mwenyewe. Kiwanda kilijua kuwa ni mali yake, mwenye duka alijua kuwa anadaiwa, nasi tulijua kuwa rehani yetu imo ndani yake. Kisha ikaja chupa ya plastiki, nyepesi, isiyovunjika, isiyodai rehani. Tuliipokea kwa furaha, na hatuwalaumu walioifurahia. Mama anayesafiri na mtoto katika basi anaijua faida yake. Lakini tangu mnunuzi anapofungua kizibo, chupa hiyo haina tena mwenyewe. Kiwanda kimeshauza, mwenye duka ameshalipwa, mnywaji ameshakata kiu. Tumefikiri sana, nasi tunaona kwamba taka ni kitu kilichokosa mwenyewe.

Wataalamu wameupa utaratibu kama ule wa kreti jina la kisomi, uchumi mzunguko. Kinyume chake wanakiita uchumi wa mstari, ambamo binadamu huchimba, hutengeneza, hutumia na kutupa, kisha huanza tena kuchimba. Katika uchumi mzunguko kitu hutengenezwa tangu mwanzo kwa nia ya kurudi, ama kitumike tena kama kilivyo, ama kikarabatiwe, ama sehemu zake zifae kwingine. Kukiyeyusha ni njia ya mwisho, baada ya nyingine zote kushindikana. Kuna tofauti hapo ambayo ni vizuri tuielewe. Kuyeyusha alumini chakavu huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kuipata kutoka katika mawe yake. Plastiki, kwa upande mwingine, aghalabu hudhoofika kila inapoyeyushwa, na haiwezi kuzunguka hivyo bila mwisho. Ndiyo maana chupa ya kioo inayooshwa na kujazwa tena si sawa na chupa ya plastiki inayokusanywa na kusagwa, ingawa zote mbili hutangazwa kuwa rafiki wa mazingira.

Wazo hili lina umri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1966 mchumi Kenneth Boulding aliifananisha dunia na chombo cha angani, ambacho abiria wake hawana ghala jingine nje yake wala mahali pengine pa kutupa uchafu wao. Mwaka 1976 Walter Stahel na Geneviève Reday, katika ripoti waliyoiandikia Tume ya Ulaya, walionyesha kwamba kukarabati kilichopo huhitaji mikono mingi na nishati kidogo, ilhali kutengeneza kipya huhitaji nishati nyingi na mikono michache. Lakini dunia iliendelea na njia yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2024 kwamba malighafi zinazochukuliwa duniani kwa mwaka zimeongezeka zaidi ya mara tatu tangu mwaka 1970, kutoka tani bilioni 30 hivi hadi zaidi ya bilioni 100. Na kwa upande wa plastiki, shirika la OECD lilikadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka zake mwaka 2019, ni kilo 9 tu zilizorejelezwa. Moshi wa nyuma ya ukumbi wetu umo katika hizo 91 zilizobaki.

Sisi tunaoandika tafakari hii tulikulia migombani, katika miteremko ya Kilimanjaro, na tunapoisoma lugha hiyo ya kisomi tunaona kihamba cha wazazi wetu. Juu ilikuwa miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Ng'ombe alikaa bandani. Majani na vigogo vya migomba iliyokwisha kuzaa vilikuwa chakula chake, samadi yake ikarudi kwenye migomba. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi, machicha ya mbege yakawa chakula cha mifugo. Maji yalitoka msituni kwa mfereji, kila ukoo kwa zamu yake, na aliyeuziba mfereji alijibu mbele ya wazee. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua utaratibu huo, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Mama zetu hawakuwa na habari kwamba wanafanya jambo la kutambuliwa duniani. Walikuwa wanaondoa samadi bandani.

Walakini tusiipambe habari hiyo kupita kiasi. Samadi ile ilibebwa kichwani, alfajiri, na mama zetu na dada zetu. Tuliufuata mzunguko kwa sababu hatukuwa na fedha za kuuacha. Tulishona suruali viraka kwa sababu hapakuwa na nyingine. Na hapo ndipo tunapoona kosa la kizazi chetu. Kwa kuwa kutumia tena kulikuwa mzigo wa umaskini, tulipopata fedha kidogo tulifanya kutupa kuwa dalili ya kufanikiwa. Mwulizeni yeyote wa kamati ya sherehe kwa nini hatukuweka maji yaliyochemshwa katika madumu yenye bomba, kama ilivyokuwa zamani. Atawaambia ukweli, kwamba tuliona haya. Tulitaka mgeni apewe chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa, aone kwamba parokia yetu imeendelea.

Lakini anayedhani kwamba mzunguko ni wa maskini tu, na ashuke kutoka mlimani hadi kusini mwa mji wa Moshi, kwenye mashamba ya miwa ya TPC. Huko miwa ikishakamuliwa, makapi yake huchomwa, maji yakachemka, na mvuke ukazungusha mitambo ya umeme. Umeme huo umekuwa ukiendesha kiwanda na pampu za kumwagilia mashamba, na ziada yake kuuzwa kwa TANESCO. Molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, hufaa kwa chakula cha mifugo na kwa kutengenezea spiriti. Katika mkoa wa Tanga, nyuzi za mkonge ni sehemu ndogo sana ya jani lake, kati ya asilimia 2 na 4 hivi, na kwa miaka mingi mabaki yote yalitupwa. Mwaka 2008 ulizinduliwa huko Hale mtambo wa majaribio wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Hao ni wafanyabiashara, nao walitambua kwamba walichokuwa wakikitupa walikuwa wamekwisha kukilipia, tangu kukipanda, kukimwagilia, kukivuna hadi kukisafirisha.

Katika mkutano wa jumuiya ndogondogo mmoja, kijana ambaye ni fundi pikipiki alituuliza swali ambalo tunaliheshimu. Alisema, “Baba, kama kila mtu atatengeneza cha zamani badala ya kununua kipya, uchumi utakua vipi? Si utasinyaa?” Tulimwomba atuambie karakana yake inaishi kwa nini. Akacheka, na wenzake wakacheka, kwa kuwa anaishi kwa kutengeneza vya zamani. Tukaendelea kuhesabu pamoja naye. Bei ya pikipiki mpya, sehemu yake kubwa huvuka bahari. Ujira wa kuitengeneza hulala hapahapa mtaani, ukanunua maharage kwa jirani, naye jirani akalipa ada ya mtoto wake. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaopiga mabati na vyuma chakavu vikawa majiko na makarai, hawangojei meli ifike ndipo wapate kazi.

Basi si kila ukuaji ni sawa. Hesabu ya pato la taifa huandika kilichozalishwa na kuuzwa, lakini haiondoi kilichochimbwa kikaisha wala kilichochafuliwa. Mkulima anayekula mbegu zake huonekana ameshiba mwaka huo kuliko jirani yake. Shida yake huanza mvua zinapokuja. Tunaposikia neno maendeleo endelevu, tusilipite haraka kwa kuwa limezoeleka masikioni. Linauliza tu kama mwakani kutakuwa na mbegu. Na tuseme pia kwamba mzigo huu si wa mnunuzi peke yake. Simu ambayo betri yake imegundishwa ndani, hata fundi akashindwa kuifungua, ilikusudiwa kutupwa tangu siku ilipobuniwa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ilikusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Aliyekitengeneza kitu kwa namna hiyo anapaswa kubaki na sehemu ya deni lake, kama kiwanda cha soda kilivyobaki na deni la chupa yake.

Hata hivyo tusiusifu mzunguko kana kwamba kila kinachorudi hurudi na heri. Jirani zetu wa Kenya wanalo fundisho chungu. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kati ya mwaka 2007 na 2014 kilifanya kazi kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Ukitazama karatasi tu, huo ni uchumi mzunguko halisi, kwa kuwa betri iliyokufa huzaa betri mpya. Lakini moshi na maji machafu vilikwenda kwa watu waliokaa nyuma ya ukuta. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana sumu ya risasi katika damu. Akaacha kazi, akaanza kuwatetea jirani zake, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kisha kesi ikaendelea katika ngazi za rufaa. Wapo waliozikwa kabla ya hukumu.

Tunalitaja jambo hilo kwa sababu linagusa lango la parokia yetu. Kila mzunguko una mahali unapofungwa, na mahali hapo pana mtu. Kuna anayeosha chupa, anayebeba samadi, anayeyeyusha betri, anayeinama kuokota kopo mtaroni. Mtu huyo akilipwa haki yake na kulindwa afya yake, mzunguko utadumu. Akionewa, kitu kimerudi lakini yeye ametupwa badala yake. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliliona jambo hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Alieleza kwamba viwanda vyetu havijajifunza kutoka kwa viumbe hai, ambao mabaki ya mmoja ni chakula cha mwingine, na akafungamanisha utupaji wa vitu na utupaji wa watu kuwa ugonjwa mmoja. Tulipousoma mara ya kwanza tulidhani anawasema watu wa nchi tajiri. Jumatatu ile tulitambua kwamba mfano ulikuwa langoni petu.

Tena tulirudia kuisoma habari ya mikate mitano na samaki wawili katika Injili ya Yohane, sura ya sita. Tumeihubiri mara nyingi, na kila mara tulikazia muujiza wa kushiba. Safari hii tulisimama mahali tulipozoea kupita haraka, pale Bwana anapowaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Vilikusanywa baada ya watu wote kushiba. Hapakuwa na njaa iliyolazimisha, na aliyetoa agizo alikuwa na uwezo wa kutoa mikate mingine. Sisi tulitunza mabaki tulipokuwa na njaa, tukayachoma tulipokuwa tumeshiba.

Basi tulifanya nini? Dominika iliyofuata tulilifuta agizo la lango mbele ya waamini wote, katika Misa zote mbili, tukaeleza habari ya sufuria na kuomba msamaha. Siku iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa mama yule kumwomba msamaha ana kwa ana. Alitupa kigoda, akatusikiliza hadi mwisho, akasema yamekwisha. Tukamwuliza parokia imsaidie nini, nasi, tukikiri ukweli, tulikuwa tumebeba bahasha mfukoni. Hakuuliza habari ya msaada. Aliuliza kama ile mizani ya kupimia mahindi ya zaka bado inafanya kazi. Tulipomjibu kuwa inafanya kazi, alieleza kwamba akipeleka makopo kwa mnunuzi hana njia ya kujua kilo zake halisi, kwa hiyo hupokea anachoambiwa. Akipima kwanza kwetu, atafika kule akiwa anajua. Bahasha ilirudi nasi parokiani.

Halmashauri ya Walei ilikaa jioni mbili juu ya jambo hili, na haikuwa rahisi. Mzee mmoja alisema chupa za kioo ni nzito, huvunjika, na mwenye duka sasa anasitasita kuazimisha kreti nyingi. Mwingine alihofu kwamba watu watasema parokia imefilisika. Mwenyekiti wa WAWATA aliuliza ni nani atakayechemsha maji hayo yote, kwa kuwa anafahamu kwamba mwishoni kazi za namna hiyo huwaangukia kina mama. Swali lake lilikuwa la haki, nasi tulikuwa tumelisahau, kama tulivyosahau nani alibeba samadi. Ikakubaliwa hivi: soda italetwa katika kreti kwa kadiri zitakavyopatikana, maji yatachemshwa na vijana wa kiume wa VIWAWA, na kila familia itakuja na vikombe vyake, chupa za plastiki zitakazokuja na wageni zitawekwa katika kizimba cha wavu karibu na lango, na kizimba hicho kitakuwa na wenyewe, yaani mama yule na wenzake wanne, ambao ndio watakaokaa na ufunguo.

Hatuna hesabu kubwa ya kuwaonyesha. Kila Jumamosi wanapima kwa mizani ya zaka, nasi tunaandika katika daftari. Kilichopatikana hadi sasa hakitoshi ada ya mwanafunzi mmoja wa sekondari ya bweni. Tumejifunza pia kwamba bei ya kilo haitegemei jasho lao. Mafuta ghafi yakishuka bei katika soko la dunia, plastiki mpya huwa rahisi, na mnunuzi huikataa ya zamani au huipunja. Kwa hiyo wameomba chumba kidogo cha kutunzia mali bei inaposhuka, kama mkulima atunzavyo mahindi. Tumewapa sehemu ya stoo ileile zilimopatikana sufuria. Juma hili mwenzao mmoja alitudokeza kwamba mnunuzi, tangu aanze kuona karatasi ya vipimo vyetu, amenyamaza juu ya kilo.

Shimo la nyuma ya ukumbi tumelifukia. Vijana walipendekeza kupanda migomba juu yake, lakini tumewaomba wasipande chochote cha kuliwa, maana tunajua yaliyochomwa humo miaka yote hiyo. Baadhi ya makosa yetu hayawezi kuzungushwa yakawa mbolea. Yatabaki pale, nasi tutapita kando yake kila tunapokwenda ukumbini.

Wapendwa, tunawaachia zoezi moja la kujadili katika jumuiya zenu juma hili. Kwa siku saba, kila familia itazame kinachotoka nyumbani kwake kwenda jalalani, na iulize kuhusu kila kitu: mwenye kitu hiki alikuwa nani, na ni nani atakayeinama kukiokota? Andikeni, mje nayo Dominika. Na yeyote mwenye kreti tupu za soda zilizosahaulika uani tangu enzi za wazazi, tunaomba aziletee ofisi ya parokia. Tumekwisha kupokea sita, na moja kati yake bado ina chupa zake zote 24.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda. Awabariki ninyi nyote na nyumba zenu, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.